Udongo wa Barabarani

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule, hapa Kibeta ninapoishi na binti yangu, akatupa begi kwenye kochi akasema mwalimu wao anataka kila mtoto alete udongo wa kwao. "Wa kutengenezea rangi, bibi. Tutachora nyumba zetu." Nilikuwa namenya ndizi za jioni. Kabla sijamwuliza hata kama amekula, nikajikuta nimeshaweka kisu chini na kumtolea macho: "Udongo wa nini? Nani kamtuma?"

Mtoto alinishangaa. Nami nikajishangaa, maana sauti ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba, aliyenilea kule upande wa Muleba, na ambaye ameshalala chini ya udongo miaka mingi. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mjukuu wangu akaona bibi yake ameanza kuzeeka vibaya, akatoka zake nje, akachota udongo kwenye kopo la maua la mama yake, akarudi. Kazi imekwisha! Hakuna aliyemhoji wala kumzuia. Nikamwambia aurudishe. "Huo mama yako aliununua Rwamishenye pamoja na maua yake," nikamwambia. "Nitakwenda kukuletea udongo wa kwetu hasa." Akaguna tu, nami nikabaki na ndizi zangu mapajani, mawazo yameshafika mbali.

Wewe mwenzangu, kama ulikua miaka ile ya vijiji vya ujamaa, siku mkoa wetu ungali ukiitwa Ziwa Magharibi, huhitaji kuambiwa tulivyokuwa tunashuku. Tulishuku gari likipunguza mwendo. Tulishuku mtu aliyevaa viatu siku isiyo Jumapili. Akipita mgeni ameshika karatasi, watu waliacha kupalilia, wakasimama migombani kumchungulia mpaka apotee kwenye kona, kisha ndipo waulizane ametumwa na nani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo dunia nzima inavyoishi.

Na walikuwa na sababu, usiwacheke. Babu yangu, ambaye sikumkuta, alitumia ujana wake wote akiwa mtu wa nyarubanja, yaani alikaa na kulima juu ya ardhi ya bwana, na mkungu mzuri ulikuwa wa bwana. Uhuru ulipokuja mambo hayo yakafutwa, kibanja, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba, kikawa chake. Hakukifaidi. Akafa, akazikwa humo humo katikati ya migomba, bibi akabaki nacho. Sasa fikiria mwenyewe: mama mjane, kibanja amekipata juzi tu, halafu redio ya jirani inasema huko sehemu nyingine watu wanahamishwa wakakae pamoja. Viongozi walituambia kwetu hakuna kuhama, kwa sababu tulikuwa tumebanana tayari, nyumba hii ikikohoa ile inasema pole. Bibi akasema hata bwana wa nyarubanja alikuwa na maneno matamu. Hofu yake ilikuwa moja tu, akilala nayo na kuamka nayo: kwamba siku moja atakuja mtu kumpokonya kibanja chake.

Hakikuwa kikubwa kibanja chenyewe. Lakini udongo wake, waitu! Ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu, laini, wenye unyevunyevu hata kiangazi, kwa sababu bibi aliulisha kuliko alivyotulisha sisi. Samadi ya ng'ombe wetu mmoja, majani makavu ya mgomba, maganda ya kahawa, maji ya kuoshea vyombo, vyote vilienda huko. Asubuhi ulinukia ukungu wa ziwa na kinyesi kibichi, nami nilipita na ndoo ya maji nikiteleza kwenye magome. Ukitoka tu nje ya migomba, mambo yalibadilika. Huko ni rweya, ile nyika yetu ya majani makavu, halafu barabara waliyoichimba ubavuni mwa kilima, udongo wake mwekundu tupu. Mtu wa kwetu hata akifumbwa macho asingeuchanganya udongo wa kibanja na ule wa barabarani.

Ndipo akaja mwalimu. Alikuwa mtu wa Kusini, mwembamba, amevuka nchi nzima kutufikia, hana mke, ana sanduku la mbao na mafungu ya karatasi za mifuko ya saruji aliyoyaokota kwenye majengo. Tayari hapo ana makosa. Mtu mzima asiye na mke anaokota karatasi za nini? Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, wazee wetu walikisikia nusu, na nusu waliyoikosa waliijaza wenyewe.

Alipewa somo la sanaa na kazi za mikono, somo ambalo kabla yake lilikuwa ni kupalilia shamba la mwalimu mkuu. Rangi hazikuwepo. Hata duka la Mhindi kule Bukoba mjini, boksi la rangi lililobaki dirishani lilikuwa limepauka kwa jua na halikuuzwa. Mwalimu akasema hamna neno. Alitufundisha kusaga mkaa ukawa wino mweusi, kukamua majani ya maharage tukapata kijani, kuponda ncha ya kijiti kwa meno mpaka ikawa brashi. Uji wa muhogo ulikuwa gundi yetu. Tulikata magome makavu ya mgomba, ya kahawia na ya rangi ya maziwa, tukayabandika kwenye karatasi ya saruji yakawa kuku, yakawa mitumbwi, yakawa padri amenyoosha mikono. Tulitunga shanga kwa zile mbegu ngumu za kijivu ambazo mama zetu walitungia rozari. Sisi watoto tulimpenda hapo hapo, bila kuuliza.

Siku ya viazi ndiyo iliyoanza kumharibia. Alituambia kila mmoja alete kiazi kitamu, tukakikata nusu, tukachonga nyota, samaki, jani. Unachovya kwenye wino wa mkaa, unagonga kwenye karatasi. Po! Samaki. Po! Samaki mwingine, ndugu yake kabisa. Tulivyorukwa na akili! Tukarudi na viazi vyetu nyumbani, tukagonga kila kitu: vibuyu, milango, mapaja yetu, ubavu wa ng'ombe. Basi jirani yetu, yule mama mwenye redio, aliyejua habari zote kabla hazijatokea, akakuta nyota nyeusi juu ya mlango wake. Alama mlangoni! Huko wanakohamishwa watu, alisema, nyumba huwekwa alama kwanza. Akapiga yowe lililotoa watu migombani. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja anahema, akakusanya viazi vyote kwenye kikapu. "Mhuri ni mali ya serikali," akatutangazia. "Mtoto hana mhuri." Akaondoka navyo. Watoto wake walituambia jioni ile walikula viazi vyenye ladha ya mkaa.

Kutoka siku hiyo kila kazi ya mwalimu ilipitia mikononi mwa wazazi kwanza. Akatuambia tuchore nyumbani kwetu kwa penseli. Jambo rahisi. Bibi akaniketisha jikoni, moshi unanichoma macho, akanielekeza. "Anataka kujua tuna nini. Nyumba chora. Migomba chora michache, tena membamba. Ng'ombe usimchore."

"Na kamba yake, Mukaaka?" nikauliza. Ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kihaya.

"Kamba ni kamba tu. Ichore."

Basi nikachora mti, na kamba imefungwa kwenye mti, na mwisho wa kamba hakuna kitu. Mwalimu aliitazama picha yangu kwa muda. "Kamba hii imemfunga nani?" akauliza. Nikamjibu, "Haijamfunga mtu, mwalimu. Imepumzika." Mtoto wa jirani hakuchora hata mkahawa mmoja, na wakati huo kahawa yao ilikuwa imeanikwa uwanjani mpaka hakuna pa kukanyaga. Kwa zile picha zetu, kijiji chetu kilikuwa maskini kuliko vyote duniani: hakuna ng'ombe, hakuna mbuzi, hakuna kahawa, hata jikoni hakutoki moshi.

Kisha akaja na jambo la ukuta. Darasa letu lilikuwa na ukuta mrefu unaotazama barabara. Mwalimu alitusimamia tukaupaka chokaa ukawa mweupe pe. Halafu akatuambia kila mtoto atachora hapo nyumba ya kwao, na atapaka rangi kwa udongo wa kwao wenyewe. Alete kopo moja. "Kijiji chote kitakuwa hapa ukutani," alisema, na uso wake ulikuwa umefurahi sana.

Sijui kama nimewahi kutaka kitu tena maishani kama nilivyotaka nyumba yetu iwe kwenye ukuta ule. Nilishachagua mahali, karibu na dirisha. Nililala nikiiona. Lakini asiye na udongo hachori, na udongo ulikuwa wa bibi.

Nilipomweleza, aliacha kuchambua maharage. "Udongo wa nini? Nani kamtuma?" Nikamwambia ni wa rangi tu. "Rangi! Udongo ule una babu yako ndani. Leo anachukua kopo, kesho anakuja na jembe." Na lile neno la kijiji chote kuwa ukutani ndilo lililomaliza kila kitu. Mtu anachora kijiji chote cha nini, kama si kukigawa?

Baba mdogo alikuwa mlangoni. Huyu ndiye kitindamimba wa bibi. Baba yangu alikuwa Mwanza kwenye kazi za meli, kwa hiyo mwanamume wa nyumbani alikuwa yeye. Nilimpenda kupita kiasi. Alinibeba mabegani msimu wa senene ili niwe wa kwanza kuwaona wanaanguka. Alipiga panga lake la kupogolea kwenye kizingiti akasema, "Mama, huyo mtu akikanyaga hapa, mimi nitamwonyesha. Kibanja hiki hakiguswi nikiwa hai." Bibi akamtazama kwa macho ya kushiba. "Umeona?" akaniambia. "Huyu ndiye mlinzi wangu."

Nililia usiku ule, nililia na kufoka mpaka bibi akachoka. Kulipokucha akanipa kopo limejaa, limefunikwa kwa jani la mgomba. Nilifungua njiani. Udongo mwekundu! Alikuwa ametoka alfajiri akachimba kando ya barabara. Nikanywea. Lakini nikajisemea mwalimu ni mgeni, atajuaje? Nikakazana kwenda.

Darasani mwalimu aliyapanga makopo yetu dirishani, moja baada ya jingine. Kopo la kwanza jekundu. La pili jekundu. Akaendelea mpaka mwisho wa dirisha. Akachovya kidole katika hili, akachovya katika lile. Sisi tulikuwa tunatazamana kwa pembeni, maana kila mmoja alidhani ni kwao tu wenye akili. Nyumba zote za kijiji, bila kuambizana, zilikuwa zimempelekea mwalimu udongo wa barabarani.

"Kumbe ninyi nyote mnaishi barabarani?" akauliza.

Hakutuchapa. Alifunika makopo yake akatuambia tufungue hesabu, na kule kutochapwa kukatutia wasiwasi zaidi. Jioni tulivyosimulia nyumbani, wazazi wakaingiwa na hofu mpya: sasa amejua kwamba tumemjua. Watu wakakutana kwa balozi. Jirani akaleta habari za ndugu zake wa Kaagya, kwamba huko mgeni kama huyu alipita akiulizauliza mipaka, ingawa jirani mwenyewe alipobanwa akasema labda mtu yule alikuwa anauza vitambaa. Baba mdogo alisimama akasema kwa sauti ya juu kuliko wote: mwalimu huyu aondoke. Wakakubaliana kwamba shule ikikaribia kufungwa watamwendea mwalimu mkuu. Bibi alirudi nyumbani amepumua kidogo, mimi nikarudi nimevunjika moyo, ukuta wangu mweupe unaniona kila nikipita.

Lakini mwalimu naye alikuwa na ukaidi wake. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwetu alifika mchana, mvua imetoka kunyesha, viatu kavivulia nje. Bibi hakumtaka, ila adabu ni adabu. Alikuwa ametandaza majani mapya sakafuni, akamkaribisha akae, akamtolea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na kuikausha, ambayo mgeni yeyote wa kwetu hupewa kabla ya neno lolote. Mwalimu akachukua punje kadhaa, akashukuru kwa heshima zote, akaziweka kwenye mfuko wa shati.

Loo! Bibi akanitazama. Baba mdogo, aliyesimama mlangoni na panga lake, akamtazama bibi. "Na kahawa ameitia mfukoni," akanong'ona kwa Kihaya. "Ni ya ushahidi hiyo." Maskini ya Mungu, mwalimu alidhani amepewa mbegu ya kupanda.

Mazungumzo yalipitia kwangu, kwa sababu Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Alianza bila kuzunguka. "Mwambie, kwao ni wapi, na nani anatunza kibanja chao sasa hivi akiwa hapa?"

Nikamwuliza. Akasema kwao hakuna tena. Walihamishwa yeye akiwa chuoni. Wazee wake wamepangwa kwenye mstari kando ya barabara, nyumba ya nyasi kama ya kila mtu, na waliporudi kuchukua kinu walikuta nyumba ya zamani imeezuliwa na imeungua. "Mwambie bibi," akasema, "kila nikitaka kuichora ile nyumba, rangi ya udongo wake inanitoka kichwani. Ninawaambia watoto walete udongo sasa hivi, wakati bado wanao."

Nilivyokuwa natafsiri, nililipima kila neno, kwa sababu nilikuwa namwambia bibi kitu alichokiogopa siku zote, na aliyekuwa ametendewa alikuwa mbele yetu amekaa kwenye majani yake. Bibi alimwongezea kahawa. Zikaenda mfukoni vilevile.

Alipoondoka baba mdogo alicheka. "Umesikia uongo huo, mama? Wanafundishwa kusema hivyo."

Bibi alibaki anatazama mahali mwalimu alipokuwa amekaa. "Mwongo angesema kwao ni pazuri," alisema. "Mimi bado simwamini. Lakini kaa kimya."

Siku chache baadaye, tukiwa nje tumeshika brashi zetu za vijiti tusijue la kufanya, nikamwona bibi anapanda njia ya shule. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Mikononi alibeba kifurushi cha jani la mgomba, amekikumbatia kama kitoto kichanga. Hakumsalimia mwalimu mkuu. Alikuja moja kwa moja ukutani akaniuliza, "Mahali pako ni wapi?" Nikamwonyesha, karibu na dirisha. Nilikuwa nimeshaichora nyumba kwa mkaa, na ile kamba isiyo na ng'ombe. Mwalimu akasogea na kopo ili ampokee udongo. Bibi akaurudisha kifuani. "Mwambie udongo hautoki mkononi mwangu."

Akaupaka mwenyewe. Alitia maji kidogo, akakanda, akaupaka kwa kiganja kama anavyokandika ukuta wa jikoni, taratibu, akafuata mstari wangu bila kutoka nje. Nyumba yetu ikawa nyeusi, nzito, inang'aa kwa maji. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akatumia kidole akachora ng'ombe mwishoni mwa kamba. Moyo wangu ulitaka kupasuka kwa furaha. Alipomaliza alikusanya kila chembe iliyoanguka chini, akaifunga kwenye jani. Akanawa mikono juu ya kopo, na yale maji ya matope akayabeba nyumbani, akayamwaga kwenye shina la mgomba alikoutoa ule udongo. Hakuacha kitu kwa serikali.

Habari hiyo jirani aliipata kabla bibi hajafika nyumbani. Wiki ile wanawake wakaja mmoja mmoja na vifurushi vyao, kila mmoja anamchunga mwenzake amepaka kiasi gani. Ukuta ukajaa. Weusi wa aina zote, kahawia, wa kijivu wa wale wa bondeni karibu na maji. Mikahawa ikaota kwenye picha, mbuzi wakazaliwa, jikoni kukaanza kutoka moshi. Balozi mwenyewe alikuja akapaka nyumba yake ikawa kubwa kuliko zote. Maneno ya kumfukuza mwalimu yakafa bila kuzikwa. Ni baba mdogo tu aliyeendelea kupita pale akitema mate pembeni.

Siku ya mwisho ya kazi ile bibi alikuja kukagua. Chini kabisa, kwenye kona ya ukuta, palikuwa na nyumba moja ndogo iliyochorwa kwa mkaa, ndani nyeupe tupu. "Ya nani hiyo?" akauliza. Mwalimu akasema, "Yangu." Bibi alikuwa na kifurushi chake, amekuja kuongeza udongo mahali palipopasuka. Nilimtazama. Niliomba moyoni ampe chembe tu, ya kupaka ukuta mmoja. Alikitazama kifurushi, akamtazama mwalimu, akalikunja lile jani akalibana kwapani. Kibanja kilikuwa kibanja. Niliumia sana, na nadhani naye aliumia, kwa sababu njia nzima alikuwa ananigombeza kwa makosa nisiyoyafanya.

Mwalimu alihamishwa shule zilipofungwa. Si kwa fitina, walimu walikuwa wakihamishwa tu. Bibi alimpikia ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage akala mpaka akaomba msamaha. Halafu akatoa kikapu cha kahawa, akaweka punje moja mdomoni mwake mwenyewe, akaitafuna mbele yake polepole. "Mwambie hizi ni za kinywani, si za mfukoni." Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza mbele ya bibi. Bibi hakucheka, ila alimfungia nyingine za njiani.

Sikumwona tena. Ukuta ule nao ulibomolewa walipojenga madarasa ya matofali, mimi nikiwa nimeshaolewa. Na kibanja? Hakuna mgeni aliyekuja kukichukua. Hakuna afisa, hakuna gari, hakuna alama mlangoni. Bibi alikufa akiwa na amani, ameshinda. Aliyekiuza ni baba mdogo. Mlinzi wetu wa panga! Alikikata vipande, akauza vya barabarani kwanza, halafu vya ndani, na babu na bibi wakabaki kwenye kiwanja cha mtu. Alikuwa na shida zake, sikatai, na kwa mila zetu kilikuwa chake. Nilimkasirikia, mpaka leo namkasirikia. Macho yetu yote yalikuwa barabarani, tunamchungulia anayekuja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugeuka akatazama mlangoni.

Basi jana nikaenda Muleba, kwa sababu nilimwahidi mtoto. Kilipokuwa kibanja kuna ukuta wa tofali na geti la bluu. Migomba michache inachungulia juu ya ukuta, na kwa majani yake nilijua bado inakula vizuri. Nikabisha. Akafungua mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga, mikono ina povu la kufulia. Tukasalimiana vizuri. Nikamwambia nilikulia hapa, bibi yangu amelala humu ndani, ninaomba udongo kiganja kimoja tu.

Uso wake ukajifunga pale pale. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. "Udongo wa nini, mama?"

"Wa mjukuu wangu. Anachorea shuleni."

"Nani kakutuma?"

Nilitaka kucheka. Nikamwambia hakuna aliyenituma. Akafikiri, adabu ikamshinda nguvu, akaniambia nisubiri hapo hapo nje. Nikasikia geti la nyuma linafunguka, lile la upande wa barabara, na jembe likigonga chini. Akarudi na mfuko wa nailoni, mzito kuliko nilivyoomba. "Chukua, mama. Udongo ni udongo." Nikampokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikamwombea heri.

Nilipofika kwenye kona nikaufungua. Mwekundu tupu.

Nikaumwaga kando ya barabara, ulikotoka, nikakung'uta mfuko. Jioni, nilipofika Kibeta, mjukuu wangu alikuwa na karatasi yake mezani, ameshaichora nyumba kwa mkaa, na ng'ombe niliyemsimulia, na kamba. "Udongo uko wapi, bibi?" akauliza. Nikamwambia ndani asipake kitu, aiache vivyo hivyo, na mwalimu akiuliza amwambie hiyo ni yangu.